YAH: KUFUNGA SHULE NA KUNAWA MIKONO NYUMBANI WAKATI WA LIKIZO YA JUNI

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Wilaya ya Kongwa,
Dodoma.

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Husika na somo tajwa hapo juu.

Muhula wa kwanza umekwisha. Mwanao amekuja na ripoti yake. Isome ukiwa naye, utie sahihi, airudishe tutakapofungua Julai. Tarehe imeandikwa humo. Mambo ya sare na michango tuliyamaliza kwenye kikao.

Barua hii nimeiandika kwa ajili ya mikono.

Siku moja muhula huu nilisimama kwenye foleni ya makande, nikakuta darasa zima linanawa katika beseni moja. Wa kwanza alikuta maji safi. Wa mwisho, mtoto wa darasa la kwanza, alichovya vidole kwenye maji yaliyokwisha kuwa rangi ya udongo, akaenda kula. Kosa lilikuwa letu walimu: ndoo ya koki ilipasuka nasi tukachelewa kuitengeneza. Lakini nilipowauliza watoto, walinijibu kwamba hata nyumbani ndivyo wanavyonawa. Anaanza baba, wadogo wanamalizia.

Sababu naielewa. Mama aliyeamka alfajiri kupanga foleni ya maji hawezi kuyamwaga ovyo, hasa sasa mvua zimekatika. Hata hivyo, beseni la pamoja linachukua uchafu wa mmoja na kuwagawia wote. Kikombe kimoja cha maji yanayomiminwa, pamoja na sabuni, kinasafisha kuliko beseni lililojaa.

Ndiyo maana darasa la sita wamejenga vibuyu chirizi viwili kando ya vyoo. Ni dumu la lita 5 lenye tundu dogo, kamba, na kijiti cha kukanyagia. Mguu unakanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, wala hakuna anayelishika kwa mkono uliotoka chooni. Kipande cha sabuni ya mche kinaning'inia pembeni. Mwanao anajua kujenga kibuyu hicho. Mpe dumu kuukuu na miti miwili yenye panda, umwache akuoneshe. Sabuni ikikosekana, majivu ya jikoni yanasaidia.

Asugue viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha, akihesabu polepole hadi 20. Afanye hivyo akitoka chooni, akitoka zizini, na kabla ya kula. Ugali na mlenda tunakula kwa mkono, na kilichoko chini ya kucha kinaingia na tonge. Nanyi akina mama na akina dada, naweni kabla ya kumlisha mtoto na baada ya kumtawaza.

Uso nao usisahauliwe. Trakoma, yaani vikope, tunaifahamu Kongwa. Watafiti wa macho wamekuwa wakija vijijini kwetu tangu miaka ya 1980. Inaenezwa na vidole, kitambaa cha kufutia uso kinachotumiwa na wengi, na nzi wanaofuata tongotongo. Mtoto akiambukizwa mara kwa mara kwa miaka, kope hugeukia ndani zikakwaruza jicho, na ukubwani anaweza kupofuka. Kiganja cha maji asubuhi kwa kila mtoto si maji yaliyopotea.

Tutakapofungua tunataka kujenga vibuyu chirizi vingine vinne karibu na madarasa ya chini. Mwenye dumu tupu la lita 3 au 5 ampe mtoto alete. Lililokuwa na mafuta ya taa au dawa ya shamba, tafadhali lisiletwe.

Wenu katika kulea watoto,

Mwalimu Mkuu