Barua ya wazi kwa wazazi vijana mnaotafuta mbwa wa nyumbani

Wanangu, wazazi vijana wa Goba, Madale, Kinyerezi na kule Kigamboni mnakoendelea kuhamia,

Nawasalimu kwa heshima. Tangu nilipostaafu kazi ya mifugo, simu zenu hazijakoma, na swali ni lile lile: mzee, watoto wanataka mbwa, tuchukue mbwa gani? Nimeona heri niwajibu wote kwa pamoja na kwa maandishi, maana jibu lenyewe haliwezi kuenea katika simu inayopigwa na mtu aliyekwama kwenye foleni ya Mwenge.

Swali hilo mmelitanguliza kabla ya wakati wake. Kabla ya kuniuliza aina ya mbwa, nielezeni kwanza saa za nyumba yenu. Baba anatoka saa kumi na moja alfajiri ili awahi mjini, mama anafuata saa kumi na mbili, watoto wanachukuliwa na gari la shule wakiwa bado wanasinzia, na kurudi kwenu nyote ni jioni, pengine usiku. Katikati ya saa hizo nyumba ina mtu mmoja tu, naye ni dada wa kazi. Basi mbwa mnayesema mnawaletea watoto, kwa hakika mnamletea dada, na katika nyumba nyingi nilizozifikia dada huyo hakuulizwa neno.

Muulizeni, tena kwa staha. Huenda anaogopa mbwa tangu utotoni, na mbwa hutambua haraka mtu anayemkwepa. Huenda ni Mwislamu, na wengi wa Waislamu wa pwani yetu hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo kwayo mate ya mbwa ni najisi na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Dini haikatazi kufuga mbwa wa ulinzi, lakini kumwachia binti bakuli la mbwa kila mchana, kisha kumtaka aoshe mara saba kila palipopata mate na kubadili nguo kabla ya kila sala, ni kumtwisha mzigo ambao hakuuafiki alipokubali kazi. Heshima hiyo hiyo inamhusu jirani. Mnapokaa uwanja mmoja na wapangaji wengine, au uzio wenu ni wa michongoma yenye mapengo, jueni kwamba mbwa atafika kwenye mkeka wa mtu kabla ninyi hamjarudi kutoka kazini, na ugomvi utakaozuka hapo hautamalizwa na mjumbe kwa siku moja.

Kwa hiyo ninawataka mtaje mtu mzima mmoja atakayekuwa mwenye mbwa. Mtoto wa miaka saba hawezi kuwa mwenye mbwa, hata akiapa. Ataweza kumpiga brashi na kumjazia maji, basi. Mtu mzima huyo awe na nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, za kumlisha, kumtembeza, kumkagua kupe masikioni na katikati ya vidole, na kumfundisha adabu. Kama saa hiyo moja haipatikani katika nyumba yenu kwa sasa, msilete mbwa. Leteni sungura, au msubiri miaka miwili, na wala msione aibu kuwaambia watoto hivyo.

Sasa tuje kwenye aina. Wengi wenu mna picha ya German Shepherd, Rottweiler au Boerboel, kwa sababu ndiyo mbwa mliowaona kwenye mageti ya watu wenye nafasi. Hao ni mbwa wa kazi, wenye akili na nguvu, na wanahitaji mtu anayejua kuwaongoza na kuwachosha kila siku. Boerboel dume huweza kupita kilo 60. Akimkimbilia mtoto kwa furaha tu, bila ubaya wowote, mtoto yuko chini. Husky nitamtaja kwa sababu siku hizi ninamwona hata hapa Dar es Salaam, na kila ninapomwona ninamhurumia: manyoya yake mazito ya tabaka mbili ni ya kukabili barafu, na sisi mwezi wa Februari tunashindwa kulala bila feni. Vivyo hivyo Bulldog na Pug, ambao wamezalishwa wawe na pua fupi. Mbwa hatoi jasho la kumtosha, hupoza mwili kwa kuhema, na mwenye pua fupi huhema kwa shida. Ukijumlisha joto, unyevu wa pwani na kukatika kwa umeme, unaweza kumpoteza kwa mchana mmoja. Vile vimbwa vidogo vya kubebwa vinafaa kwa mtu mzima aliyetulia, lakini mguu wa kimbwa hicho huvunjika mtoto wa miaka mitatu anapokiangusha. Labrador ni mpole kweli kwa watoto, nami simkatai, ila anakula sana, ananenepa upesi, na akiachwa peke yake mchana kutwa atatafuna viatu vyote vya nyumba.

Mkinibana niseme mbwa mmoja, nitasema hivi: mchukueni jike wa kienyeji au chotara, wa umbo la kati, mwenye umri wa mwaka mmoja na nusu hivi, aliyekulia katika nyumba yenye watoto, ambaye mwenyewe anamtoa kwa sababu inayoeleweka, kama vile kuhamishwa kikazi. Najua mlitarajia jina la kizungu. Lakini mbwa wa umri huo ameshaonyesha tabia yake, na hamtabahatisha kama mnavyobahatisha kwa mtoto wa mbwa. Amemaliza kubadili meno, hivyo hatafuni tena kila kitu. Amepita umri ambao ugonjwa wa parvo, ule wa kirusi unaoleta kutapika na kuhara damu, huua zaidi. Na joto letu amelizoea kwa kuzaliwa. Ugali wa dona kwa dagaa au vichwa vya samaki utamtosha, ilimradi usiwe na vitunguu, ambavyo ni sumu kwa mbwa, na mifupa ya kuku iliyopikwa ibaki kwenye pipa la taka. Jike huzurura kidogo kuliko dume, ila akiwa hajahasiwa hupata joto la kutaka dume takribani mara mbili kwa mwaka, na hapo madume ya mtaa mzima yatahamia getini kwenu. Mhasini, kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo na si ya fundi wa mtaani. Mbwa aliyeokotwa barabarani, msiyejua alikotoka, ninawapongeza wanaomhurumia, lakini nyumba yenye mtoto anayetambaa haimfai hata kidogo.

Wengine bado mtataka mtoto wa mbwa, kwa kuwa ndiye aliyeombwa. Msimnunue kutoka kwenye boksi pembezoni mwa barabara. Muuzaji wa namna hiyo atakuambia ana miezi mitatu, naye hajatimiza hata wiki sita. Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki 8, kwa sababu ni kwa mama na ndugu zake anakojifunza kwamba kung'ata kunaumiza. Nendeni nyumbani alikozaliwa, asubuhi, kabla jua halijawa kali, na ombeni kumwona mama. Mama akiwa mkali asiyesogeleka, rudini nyumbani, hata wanawe wawe wazuri namna gani. Akiwa mtulivu, kaeni chini mnyamaze. Yule anayekuja kunusa miguu, akiondoka na kurudi, ndiye wa kumtazama; mbebeni, mlazeni chali mapajani, na atafurukuta kidogo kisha atulie. Anayebweka bila kukoma na anayejibanza pembeni akitetemeka, wote wawili waacheni kwa watu wenye muda mwingi kuliko ninyi. Mfungueni mdomo, fizi ziwe na rangi ya waridi. Tumbo lililovimba kama ngoma wakati mbavu zinahesabika ni minyoo.

Kisha ombeni kadi ya chanjo, na msiridhike kwa kuonyeshwa jalada lake. Ndani iwe na tarehe, lebo iliyobanduliwa kwenye kichupa cha dawa, na saini ya daktari. Chanjo ya parvo huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, nayo hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya 16. Dozi moja haimkingi. Kama uwanjani kwenu aliwahi kufa mbwa kwa kutapika na kuhara damu, mwambieni daktari, maana kirusi hicho hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, na maji ya bomba peke yake hayakiondoi.

Kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 14 ndipo mbwa anapoamua dunia ina vitu gani vya kawaida. Kelele za watoto, bodaboda, adhana, jenereta la jirani, mtu mwenye baibui, mtu mwenye kofia ya pikipiki, vyote avione mapema akiwa salama mikononi mwenu. Hapa ndipo desturi yetu inapotuharibia. Tunamfungia mbwa bandani tangu alfajiri, tunamfungulia saa nne usiku, halafu tunashangaa kwamba amemrarua mtoto wa shangazi aliyekuja kwa likizo. Mbwa huyo watoto anawajua kwa miguu inayopita mbele ya mbao tu. Anayetaka mlinzi wa usiku na afuge mlinzi wa usiku, ila asimwite mbwa wa watoto. Na anayetaka vyote viwili sharti mbwa aishi na watu mchana, atembee uwanjani, apewe kivuli na maji. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inamdai mwenye mnyama asimtese, hilo mlijue.

Kuhusu watoto wenyewe, watu wengi hudhani anayeng'ata ni mbwa wa nje. Mtoto mdogo mara nyingi hung'atwa na mbwa anayemfahamu, tena usoni, na karibu kila mara mbwa alikuwa ameomba nafasi kwanza. Tazameni: mtoto anamkumbatia mbwa shingoni, mbwa anageuza uso pembeni, analamba pua yake, anapiga mwayo ilhali hana usingizi, weupe wa jicho unatokeza. Mama yuko hapo hapo, anacheka, anatafuta simu apige picha. Weka simu chini, umwondoe mtoto. Na mbwa akinguruma, asipigwe. Aliyepigwa kwa kunguruma hujifunza kuruka hatua hiyo na kwenda moja kwa moja kwenye meno. Anapokula au kulala, asiguswe na mtoto, na aliye chini ya umri wa kuanza shule asiachwe naye peke yake hata kwa muda wa kuepua chungu.

Kichaa cha mbwa sitakipitia juu juu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na takribani wanne kati ya kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Mbwa achanjwe anapofikisha miezi 3 na arudiwe kila mwaka. Mwezi wa Septemba, karibu na tarehe 28 ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sikilizeni matangazo ya kata, kwani chanjo za kampeni hutolewa mara nyingi wakati huo. Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, mkitazama saa, pasipo kupaka pilipili, mafuta wala majani, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na tangu siku ya kwanza mwambieni mtoto kwamba hatachapwa kwa kusema ameng'atwa, kwa sababu watoto huficha.

Mwisho, msimlete mbwa mwezi wa Desemba. Ninyi wenyewe mnajua kwamba ikifika tarehe 20 nusu yenu mko njiani kwenda Moshi, Bukoba au Mbeya, dada naye amekwenda kwao, na mbwa aliyefika nyumbani wiki mbili tu zilizopita anaachiwa mlinzi wa jirani pamoja na fataki za mwaka mpya. Subirini Januari, shule zikishafunguliwa na ratiba ya nyumba imetulia, na mmoja wenu achukue likizo ya wiki moja ili akae naye. Atakayehitaji mtu wa kwenda naye kumtazama mama wa watoto wa mbwa, anipitie Jumamosi asubuhi, aje na dada wa kazi pia.

Wenu katika malezi,
Mzee wenu, afisa mifugo mstaafu