Malalamiko: gari limerudishwa bila themostati na bado linachemsha

Kwa Meneja wa Huduma,

Ndugu Meneja,

YAH: KAZI YA MFUMO WA KUPOZA INJINI ILIYOFANYWA BILA VIPIMO

Nalalamikia kazi iliyofanywa na mafundi wenu kwenye gari langu la abiria la viti saba, lenye injini ya petroli na hita mbili zinazotumia maji ya moto ya injini, ya mbele na ya nyuma. Gari ni la miaka mingi, na maelezo niliyoandika kwenye fomu ya kulipokea yalikuwa mafupi: linachemsha likipanda mlima mrefu na mzigo, lakini likisimama kwenye foleni sindano ya joto inatulia mahali pake. Ankara yenu inasema "mfumo wa kupoza umetengenezwa". Haukutengenezwa. Themostati, yaani vali inayofungua na kufunga njia ya maji kufuatana na joto, imetolewa, feni imeungiwa waya wa moja kwa moja, na ndani ya rejeta imemiminwa dawa ya kuziba matundu ambayo sikuiomba wala sikuulizwa.

Maelezo yale ya kwenye fomu yalitosha kumwongoza fundi makini. Gari linalochemsha likiwa limesimama na kupoa likikimbia lina shida ya hewa: feni haizunguki, rilei (swichi ya umeme inayoiwasha) imekufa, sensa haitoi taarifa, au mapezi ya rejeta yamejaa vumbi na wadudu. Linalotulia likisimama na kuchemsha likipewa kazi lina shida ya maji: mirija ya rejeta imeziba, mabawa ya pampu yamelika, mpira wa maji wa chini ya rejeta unanywea kwa kufyonzwa, themostati haifunguki yote, au gesi ya silinda inapenya kwenye gasketi ya hedi, kizibo kilicho kati ya hedi na bloku ya injini. Feni ilikuwa ya mwisho kushukiwa, na ndiyo mliyoanza nayo.

Themostati naomba niieleze kwa kirefu, maana tabia ya kuitoa imezoeleka na wateja huambiwa kwamba ni kifaa cha nchi za baridi. Kwenye injini hii themostati ina vali mbili. Ya juu huanza kufungua njia ya kwenda kwenye rejeta maji yakifika nyuzi 82, na karibu na nyuzi 95 huwa wazi kabisa. Ya chini, kile kisahani kidogo chenye springi, hufanya kinyume chake: vali kuu inapofunguka, kisahani kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Themostati ikitolewa, njia hiyo ya mkato inabaki wazi muda wote. Maji hufuata njia nyepesi, na rejeta iliyoanza kuziba ndiyo njia nzito. Kwenye tambarare injini haipati joto lake; mlimani, sehemu kubwa ya maji ya moto inazunguka humo humo ndani na injini inachemsha kuliko mwanzo.

Kompyuta ya gari inaonyesha hivyo hivyo. Nyuzi 64 kwenye tambarare, nyuzi 112 mlimani, na msimbo wa hitilafu P0128, unaomaanisha kwamba joto la maji halifiki kiwango cha themostati, umehifadhiwa. Injini ikibaki kwenye nyuzi 64, kompyuta inaendelea kuongeza petroli kana kwamba gari limewashwa sasa hivi. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, oili inakuwa nyepesi, na unyevu usiokauka unaacha tope la rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa kujazia oili. Tope hilo sasa lipo. Baya zaidi, fundi atakayeliona baadaye anaweza kudhani gasketi ya hedi imekwisha, kumbe ni injini inayoendeshwa baridi.

Kama themostati ilishukiwa, kuipima si kazi kubwa. Inaning'inizwa kwenye sufuria ya maji isiguse chini, maji yanapashwa taratibu, na fundi anaandika joto ilipoanza kufunguka na umbali iliofunguka. Kwa aina hii, ikipita milimita 8 ni nzima. Ikichelewa au ikifunguka nusu, inawekwa mpya pamoja na mpira wake wa kuzibia, na kile kitundu cha kutolea hewa kinakaa upande wa juu.

Feni sasa ni suala la usalama. Mota yake inavuta zaidi ya ampia 10. Waya mliotumia ni mwembamba, umetoka betri hadi swichi iliyobandikwa chini ya usukani, hauna fyuzi hata moja, na umepita juu ya bamba la chuma bila gamba la kuukinga. Pale unapopinda karibu na taa ya kushoto, ngozi ya waya imekwishachunika na kopa inaonekana. Siku itakapogusa bodi, hakuna kitakachokata umeme kabla waya haujawaka. Soketi za rilei na sensa zimeachwa zikining'inia wazi, zikisubiri kutu.

Kuhusu dawa ya kuziba. Mirija ya rejeta hii ina uwazi wa chini ya milimita 2, na ya hita ni myembamba pia. Chembe za dawa hazichagui tundu lenye kuvuja; zinatuama popote maji yanapokwenda polepole, na katika gari lenye hita ya nyuma sehemu hizo ni nyingi. Hita ya nyuma sasa inatoa hewa ya uvuguvugu hata injini ikiwa na nyuzi 112. Nilipopima uso wa rejeta kwa kipimajoto cha mwanga, injini ikiwa ya moto, sehemu ya juu ilisoma nyuzi 88 na kona ya chini upande wa kulia nyuzi 51. Rejeta nzima hupoza maji hatua kwa hatua. Doa la baridi lenye mpaka kama huo maana yake ni mirija isiyopitisha maji. Hapa ndipo malalamiko yangu yalipo hasa: hakuna awezaye tena kusema kama mirija ile ilikuwa imeziba gari lilipoletwa, au imezibwa na dawa yenu. Kilichopaswa kupimwa kwanza kimefunikwa. Dawa hiyo inaweza pia kuziba kwa muda mpasuko mdogo wa gasketi, kisha ukafunguka tena mlima wa kwanza wenye mzigo.

Na kulanti, dawa inayochanganywa na maji ya kupozea. Mfumo huu unabeba takriban lita 12 kwa sababu ya mabomba marefu ya kwenda nyuma. Ankara inaonyesha lita 4 za kulanti iliyokwishachanganywa nusu kwa nusu, yaani lita 2 tu za kulanti halisi. Zilizobaki ni maji ya bomba. Mchanganyiko huo ni kama asilimia 17, na unaohitajika ni asilimia 50. Hedi ni ya aluminiamu; maji matupu yenye chumvi yataila.

Ninachotaka ni hiki. Waya wa feni uondolewe mara moja, na rilei, fyuzi na sensa zirudishwe kama mtengenezaji alivyoziweka. Mfumo wote uoshwe, hita ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake, maji yakisukumwa kinyume cha mwelekeo wake wa kawaida hadi yatoke masafi. Kabla ya kufunga kipuri chochote, gasketi ya hedi ipimwe kwa kile kimiminika cha buluu kinachogeuka njano kikikutana na gesi ya silinda. Maji yapunguzwe sentimita chache kwanza ili yasifyonzwe kwenye chombo chenye kimiminika hicho na kuharibu kipimo. Mpira wa juu wa rejeta nao ushikwe injini ikiwashwa baridi: ukikakamaa kabla maji hayajapata joto, gesi inaingia. Kipimo kikithibitisha, hedi ishushwe na ipimwe unyoofu kwa rula ya chuma na fila geji (vibamba vya kupimia nafasi ndogo). Watengenezaji wengi huruhusu mpindo wa kati ya milimita 0.05 na 0.10, cha kufuata ni kitabu cha injini hii. Bolti za hedi za aina inayovutika zikikazwa zisirudishwe.

Kipimo kikiwa safi, rejeta ibadilishwe kwa gharama yenu, maana dawa mmeitia ninyi. Mafuta ya gia boksi yanapozwa ndani ya rejeta hiyo hiyo, kwa hiyo yakaguliwe: yakiwa na rangi ya waridi yenye povu, maji yameingia. Mfuniko wa rejeta uwe wa shinikizo lililoandikwa kwenye kitabu, baa 1.1. Kwa shinikizo hilo hata maji matupu huchemka karibu na nyuzi 121, lakini mfuniko uliolegea yanachemka kwenye 100, na mliouacha haushiki. Kisha mfumo usukumwe kwa pampu ya mkono hadi baa 1.1 na uachwe dakika 15. Sindano ya pampu ikishuka, mtafute uvujaji kwanza kwenye mabomba ya hita ya nyuma yanayopita chini ya sakafu karibu na gurudumu, mahali kutu inapoanzia kwenye magari ya umri huu.

Kutoa hewa iliyonaswa kwenye mfumo kusifanywe kwa haraka. Pua ya gari iinuliwe, hita zote mbili ziwekwe kwenye moto wa mwisho, skrubu ya kutolea hewa ifunguliwe hadi maji yatoke bila mapovu, na injini ingurume hadi feni iwake na kuzima yenyewe mara mbili. Ikipoa, maji yaongezwe. Hewa ikibaki kwenye bomba la nyuma, gari litachemsha hata vipuri vyote vikiwa vipya.

Nipewe kwa maandishi kila kipimo, na vipuri vya zamani vyote, ikiwa ni pamoja na themostati mliyoitoa kama bado ipo. Gharama ya kazi iliyoandikwa kwenye ankara irudishwe. Nasubiri majibu yenu ndani ya siku 14. Gari halitaendeshwa hadi hapo, kwa sababu ya waya ule. Ankara, picha za waya na matokeo ya kompyuta nimeviambatanisha.

Wako,
Mmiliki wa gari