Kukaza visi moja, dola 15?

Mimi ni fundi wa umeme. Wiki iliyopita mama mmoja wa Nguba, hapa Bukavu, alinisema mbele ya majirani: "Papa fundi, umekaa masaa mawili, umekaza visi moja, unaomba dola 15?" Nilinyamaza. Ila lawama hiyo naisikia kila mwezi, basi nijibu.

Kwake kuranti ilikuwa inapotea kila akiwasha resho, jiko lake la umeme. Mafundi wawili walishapita: mmoja alimuuzia disjontere mpya (ile swichi inayokata kuranti ikizidi), mwingine akabadilisha prizi zote za jikoni. Pesa ilikwenda, resho ikazidi kuzimika. Mimi nilifungua boksi za kuungia waya, moja baada ya jingine, resho ikiwaka, mita ya kupima kuranti mkononi, hadi nikafika la darini. Domino, kile kiungo cha plastiki kinachobana waya kwa visi, ilikuwa imeyeyuka upande mmoja, waya mweusi kama makala. Tangu Pasaka Mama alikuwa akisikia harufu ya samaki, akadhani jirani anakaanga sambaza. Kumbe ni plastiki ya domino!

Resho ya wati 2,000 inavuta karibu ampea 9. Kiungo kikilegea hadi kuwa na ukinzani (kizuizi kwa kuranti) wa nusu ohm, hapo panatoka joto la wati 40, sawa na chuma cha kulehemu, mahali padogo kama punje ya hindi. Darini, juu ya mbao. Na kwa hizi delestaji zetu, kuranti kukatwa na kurudi, waya unapata moto na kupoa kila siku. Unapanuka, unasinyaa, visi inalegea polepole.

Kinachonikera zaidi ni skochi. Torsade, ule waya unaoleta kuranti nyumbani kutoka kwenye poto, ni alumini, waya za ndani ni shaba. Watu wanazisokota pamoja, wanafunga skochi, wanasema yamekwisha. Alumini inajitengenezea utando usiopitisha kuranti, tena inapanuka kuliko shaba. Mvua ikiingia, metali hizo mbili zinakulana. Kuna papa wa Kadutu aliyekataa konektere ya metali mbili, kiungo maalumu cha kuunga alumini na shaba, ati ninataka kumla. Msimu wa mvua aliniita: kiungo kimeungua, na kompresa ya friji imekufa kwa kuwaka na kuzimika. Friji nzima, kwa kukwepa konektere moja!

Mpwa wangu anayesoma fizikia alinichekesha na habari ya Italia. Chini ya mlima wa Gran Sasso, penye mwamba wa mita 1,400 hivi juu yao, watafiti wa jaribio la OPERA walikuwa wakipokea nyutrino, chembe ndogo kuliko atomu, zinazorushwa kutoka CERN, maabara ya fizikia kule Uswisi, kilomita 730. Septemba 2011 wakatangaza kwamba zimeushinda mwanga mbio kwa nanosekunde 60. Mwaka 2012 ikajulikana walikosea kipimo: konektere ya kebo ya saa ya GPS haikukazwa hadi mwisho. Ile ni kebo ya mwanga, si ya kuranti, najua. Lakini hata wao, wasomi wale, ilikuwa miezi ya kutafuta na dakika moja ya kukaza.

Siku hizi ninaweka konektere za springi, zile ambazo WAGO ya Ujerumani ilianza nazo 1951. Springi inaendelea kubana hata waya ukisinyaa. Za bandia zipo sokoni, kijiti chake kinavunjika ukikigusa tu. Bei yangu inatoka hapo, na katika yale masaa mawili.

Domino ya Nguba iko mezani kwangu, Mama akitaka aje aione. Aje pia na zile dola 5 zilizobaki.