Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: dripu ya mtoto aliyetoka nusu kaputi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Mimi ni muuguzi wa usingizi katika hospitali ya wilaya. Kazi yangu ni kuwalaza watu nusu kaputi na kuhakikisha wanaamka. Nakuandikia kuhusu chupa ya maji inayoning'inia juu ya kitanda cha mtoto aliyepasuliwa, kitu ambacho wengi wetu tunakitundika bila kukifikiria mara mbili.

Alikuwa mtoto wa miaka miwili, kilo 12, amekuja kufanyiwa upasuaji wa ngiri. Saa tano asubuhi tulikuwa tumemaliza, kidonda kimefungwa vizuri, analia kwa nguvu, sauti ambayo kwangu ni furaha. Wodini akatundikiwa dextrose ya asilimia 5, yaani maji ya sukari, chupa ya mililita 500, kwa mrija wa watu wazima, kwa sababu ndio uliokuwepo. Mtoto wa kilo 12 hesabu yake ni mililita 44 kwa saa. Nilipopita saa kumi jioni kumjulia hali, chupa ya kwanza ilikuwa kapuni na ya pili imefika nusu. Mama yake akaniambia, "Ametapika mara tatu, na sasa ananiangalia kama hanijui." Nilifunga mrija, nikamkimbilia daktari. Kabla ya magharibi degedege likaanza. Malaria hana. Sukari iko sawa. Sodiamu, yaani chumvi ya kwenye damu, ilipimwa alipofikishwa hospitali ya rufaa: 117, wakati kawaida ni 135 hadi 145. Aliokoka, lakini ilipita siku tatu ndipo akamwita tena mama.

Sehemu yangu katika hilo naijua. Karatasi niliyoiandika wakati anatoka chumba cha upasuaji ilisema "aendelee na dripu", basi. Sikuandika dripu gani, wala kwa kasi gani, wala hadi lini. Na ukweli ni kwamba mtoto wa ngiri aliyeamka vizuri hakuhitaji dripu kabisa. Alihitaji kikombe cha maji na ziwa la mama.

Dextrose ya asilimia 5 inaonekana kama chakula, na mzazi akiiona anafarijika. Ila mwili ukishaichukua ile sukari, kinachobaki ndani ya mishipa ni maji matupu yasiyo na chumvi hata chembe. Mtoto mwenye afya angeyakojoa. Mtoto aliyetoka kwenye kisu hawezi: maumivu, kichefuchefu, hofu na hata morfini, dawa ya maumivu tunayompa, huufanya mwili utoe homoni inayoziamuru figo zishike maji. Damu inazimuliwa, maji yanaingia kwenye seli, ubongo unavimba. Na ubongo wa mtoto tayari umelijaza fuvu lake, hauna pa kutanukia.

Hesabu tunayotumia sote ilitoka kwa Holliday na Segar mwaka 1957: mililita 4 kwa kila kilo kwa saa katika kilo 10 za kwanza, 2 katika 10 zinazofuata, kisha 1. Kiasi hicho bado kinatusaidia. Kilichopitwa na wakati ni aina ya maji waliyopendekeza, yenye chumvi kidogo, kwa kuwa walianzia na mahitaji ya mtoto mwenye afya na kiasi cha chumvi kilichomo kwenye maziwa. Uingereza iliagiza mwaka 2007 kwamba maji yenye chumvi ya asilimia 0.18 yaondolewe kwenye wodi za kawaida za watoto. Madaktari wa watoto wa Marekani walitoa mwongozo mwaka 2018: kuanzia siku 28 hadi miaka 18, dripu ya kumtunza mtoto iwe na chumvi inayolingana na ya damu. Mwaka huohuo, Ayalandi ya Kaskazini ilipokea ripoti ya Jaji John O'Hara kuhusu watoto waliokufa hospitalini baada ya sodiamu kushuka. Wazazi wao walisubiri majibu kwa miaka mingi mno.

Maji yanayofaa tunayo, Mheshimiwa. Ringa, dripu yenye chumvi karibu na ya damu, ina sodiamu kama 130, chumvi ya asilimia 0.9 ina 154. Kwa mtoto mdogo aliyekaa na njaa muda mrefu, mililita 10 za dextrose ya asilimia 50 ndani ya chupa ya Ringa ya mililita 500 zinatoa sukari ya asilimia 1 hivi, nayo kwa upasuaji mwingi inatosha. Kichanga wa siku za kwanza ana taratibu zake na bado anahitaji sukari ya kutosha; simsemei huyo hapa. Wala sisemi Ringa imwagwe tu. Utafiti wa mwaka 2011 uliofanyika Kenya, Uganda na kwetu Muheza haukuhusu upasuaji, bali watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali, na waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa zaidi ya wasiomiminiwa. Kasi nayo inaua.

Ndiyo maana naomba bureti kabla ya kitu kingine chochote. Ule mrija wenye kikopo cha kupimia hutoa matone 60 kwa mililita moja, kwa hiyo matone 44 kwa dakika ndiyo mililita 44 kwa saa. Hata muuguzi aliyechoka hakosei. Na ukijaza mililita 88 za saa mbili kisha ukafunga juu, hata ukiitwa kwa mgonjwa mwingine mtoto hapati zaidi ya hizo. Kwa mrija wa watu wazima ni matone 15 kwa dakika, yahesabiwe na mtu mmoja mwenye wodi nzima.

Naomba Bohari ya Dawa izipeleke bureti hadi wilayani, sodiamu ipimike hapohapo badala ya kusubiri rufaa, na Wizara itoe waraka wa ukurasa mmoja, wa kubandikwa ukutani, unaokataza dextrose ya asilimia 5 peke yake kuwa dripu ya mtoto aliyepasuliwa. Waraka huo useme pia kuhusu njaa. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 unaruhusu mtoto anywe maji hadi saa moja kabla ya usingizi. Kwetu bado nawapokea saa saba mchana, midomo imekauka, hawajanywa kitu tangu jana usiku.

Siku hizi karatasi yangu ina mistari mitatu: maji gani, mililita ngapi kwa saa, yasimamishwe saa ngapi. Naiandika kwa herufi kubwa, na naisoma kwa sauti mbele ya mama.

Wako katika kazi,
Muuguzi wa usingizi, hospitali ya wilaya