Msekwa siyo ukumbi tu

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, nina dukuduku langu.

Sisi wa Dodoma jina la Msekwa tunalisikia kila Bunge likikaa, mara wabunge wa CCM wanakutana Ukumbi wa Msekwa, mara semina iko Msekwa. Juzi kijiweni Majengo, kwenye kahawa na kashata, kijana mmoja wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, akauliza kwani huyo Msekwa si ndo mkandarasi aliyeujenga? Watu wakacheka sana, ila hao hao waliocheka nao wanajua uspika tu, 1994 mpaka 2005, basi.

Jamani, Mzee Pius Msekwa ndo Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam! Chuo kilianza 1961 chini ya Chuo Kikuu cha London, kwenye jengo la TANU pale Lumumba, kitivo kimoja tu cha sheria, mkuu wake Cranford Pratt, Mkanada, 1965 akaja Dk. Wilbert Chagula, Mtanzania wa kwanza kukiongoza. Julai 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambacho chuo chetu kilikuwa sehemu yake, kikavunjwa kila nchi ikabaki na chake, Mwalimu Nyerere akawa Mkuu wa Chuo, kazi yenyewe akampa Msekwa, kijana wa Ukerewe wa miaka 35 tu, katibu mtendaji wa TANU na kabla ya hapo Katibu wa Bunge. Siyo profesa, mtu wa ofisi na chama.

Hapo ndo huwa nasita. Mwaka mmoja tu mbele, Julai 1971, FFU, polisi wa kutuliza ghasia, wakaingia Mlimani, pale chuoni, wakamchukua kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, wakampandisha ndege kwao Kenya, na chanzo ni barua ya wazi aliyomwandikia Makamu Mkuu. Barua tu! Kwangu mimi lile ni doa, mwalimu aliyezoea kubishana na wanafunzi darasani pengine angeyamaliza mezani. Ila chuo kichanga cha nchi maskini nacho kilitaka mtu anayejua serikali inavyokwenda, maana 1974 likaja Azimio la Musoma, ukimaliza fomu siksi huendi chuo moja kwa moja, upite JKT, ufanye kazi kwanza, na chama kikupitishe, na wa kulitekeleza pale Mlimani ni yeye. Alikaa mpaka 1977.

Sasa mhariri, Bunge likianza mnatujazia kurasa kwa vijembe vya wabunge, si mtupe hata ukurasa mmoja wa huyu mzee, na hiyo 1971 msiiruke. Mkimaliza mfanye na wa Prof. Idris Kikula aliyeianzisha UDOM 2007 pale Chimwaga, maana yule kijana wa kijiweni nina wasiwasi naye huyo pia hamjui.

Mdau wa elimu,
Area C, Dodoma