Siku ya 14 si ya kila mwanamke

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie makala ya afya ya Jumapili iliyopita, ambayo iliwashauri wanawake wanaotafuta mtoto wahesabu siku 14 tangu hedhi ianze, kisha wakutane na waume zao siku hiyo na siku za karibu nayo. Ushauri huo unamfaa mwanamke ambaye hedhi yake hurudi kila baada ya siku 28 au karibu na hapo. Kwa wengi ninaowahudumia kama mkunga hapa Busia, upande wa Uganda, hesabu hiyo imewapotezea miaka, na baadhi yao imewaletea lawama za wakwe ambazo hawakuzistahili.

Sehemu ya mzunguko ambayo haibadiliki sana ni ile inayofuata baada ya yai kutoka, nayo kwa kawaida huchukua kama wiki mbili. Inayorefuka na kufupika ni ile ya kabla yake. Kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 42, yai lake hutoka karibu na siku ya 28, wakati ambapo yeye na mumewe wamekwisha kukata tamaa. Ama yule ambaye hedhi yake huja baada ya siku 35, kisha baada ya 60, kisha ikapotea kwa miezi mitatu, huyo hana tarehe ya kuhesabu, kwa kuwa huenda yai halitoki kabisa.

Sababu kubwa ya hali hiyo ni ugonjwa wa homoni unaoitwa PCOS. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba unawapata wanawake kati ya 8 na 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nao hawajaambiwa na mtu yeyote. Daktari huutambua akiona mawili kati ya mambo matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili za homoni za kiume kuzidi, kama vile ndevu na chunusi zisizokoma, na ovari zenye vifuko vingi vidogo kwenye skani. Kabla ya hapo inampasa ahakikishe kwamba tatizo halitokani na tezi ya shingoni wala homoni ya maziwa, maana hizo nazo huvuruga hedhi.

Vifuko hivyo ndivyo vinavyowatia watu hofu. Mama anafika na bahasha ya kaki iliyojaa majibu, anaonyesha mstari wenye neno la uvimbe, na swali lake la kwanza ni lini atafanyiwa upasuaji. Havihitaji kisu. Ni vifuko vya mayai vilivyoanza kukua vikakwama njiani, na vingi havifikii hata sentimita moja. Katika bahasha hiyohiyo mara nyingi mna kipimo cha damu cha projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kutoka, kilichochukuliwa siku ya 21, kwa sababu fomu ndivyo inavyosema, na jibu lake ni kwamba yai halikutoka. Kwa mwenye mzunguko wa siku 42 jibu hilo halina maana yoyote, kwani siku ya 21 yai lake bado halijafika wakati wake. Kipimo chake kingechukuliwa siku saba hivi kabla ya hedhi inayotarajiwa, yaani karibu na siku ya 35. Wapo wanaorudishwa nyumbani wakiwa wameambiwa hawana mayai kwa sababu ya tarehe tu.

Tangu mtoto wa kwanza wa Uganda aliyetungwa maabara azaliwe Kampala mwaka 2004, watu wengi wamekuja kuamini kwamba asiyeshika mimba lazima auze kiwanja akatafute huduma hiyo. Kwa mwenye PCOS mlango wa kwanza ni vidonge vya kusaidia yai kutoka, kama letrozoli na klomifeni. Utafiti uliofanywa Marekani kwa wanawake 750 wenye ugonjwa huu na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 27.5 ya waliotumia letrozoli walijifungua mtoto hai, dhidi ya asilimia 19.1 ya waliotumia klomifeni, na leo letrozoli ndiyo inayopendekezwa kwanza. Humezwa kwa siku tano mwanzoni mwa mzunguko, chini ya uangalizi wa daktari. Tatizo ni karatasi iliyomo ndani ya pakiti: dawa hii ilitengenezwa kutibu saratani ya matiti, na karatasi inasema hivyo. Nimemwona mama akisoma maneno hayo kwa sauti, akairudisha pakiti mezani na kunitazama kana kwamba nimemficha jambo. Hakuwa amefichwa kwa makusudi, ila aliyemwandikia dawa hakumweleza, na maelezo ya dakika mbili yangetosha.

Kununua klomifeni dukani bila kupimwa, kama wengi wanavyofanya, ni kucheza bahati nasibu, hasa ikiwa mume hajapimwa mbegu au mirija imeziba kutokana na maambukizi ya zamani, jambo ambalo si geni katika nchi yetu. Kuhusu mitishamba ya kuleta damu, nitasema tu kwamba kutoka damu si sawa na kutoka yai. Hata hivyo hedhi inayokosekana zaidi ya miezi mitatu isipuuzwe hata na asiyetafuta mtoto, kwa sababu ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huendelea kuwa mnene na hatari ya saratani yake huongezeka. Daktari ana dawa ya kuuondoa unene huo.

Kwa walio wanene, kupunguza hata asilimia tano ya uzito huweza kurudisha hedhi. Lakini wapo wembamba wenye ugonjwa huu, na kumwambia mwanamke wa kilo 50 apungue ni kumdhihaki.

Namwomba mwandishi wa safu hiyo aandike tena kuhusu wale ambao kalenda haiwasaidii, na awaeleze pia kwamba wakishika mimba wawaambie wahudumu wa kliniki ya wajawazito kwamba wana PCOS. Wako katika hatari kubwa zaidi ya kisukari cha mimba na shinikizo la damu, kwa hiyo wapimwe sukari katika hudhurio la kwanza, kisha wapimwe tena kati ya wiki ya 24 na ya 28.

Wako,
Mkunga,
Busia, Uganda