Barua kwa Mama Kulwa, kuhusu utosi wa Doto

Mwanza, Jumapili usiku

Mama Kulwa mpenzi,

Mwangaluka, hata kama utaisoma jioni. Hamjambo huko Nansio? Shemeji, mama mkwe, wale wanangu wawili, wote wazima? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mvua haitupi nafasi, Mto Mirongo umejaa matope na nguo za darasani hazikauki. Nisamehe kwa ukimya. Tangu ujifungue nimekupigia mara mbili tu, tena za haraka, na mara zote mbili nilikata simu nikijua sijakuuliza hata nusu ya niliyotaka.

Ujumbe wako wa sauti wa Alhamisi nimeusikiliza mara tano. Unasema utosi wa Doto unadunda, kwamba ukimshika unausikia ukicheza chini ya kidole, na unaogopa hata kumwosha kichwa. Na mama mkwe anataka upakwe dawa ili ufunge upesi. Ningeweza kukujibu kwa simu, ila nimeona niandike ili uweze kumsomea mama polepole, na akitaka urudie, urudie.

Jibu kwanza, usije ukasoma barua nzima roho juu. Utosi kudunda ni kawaida. Ule mdundo ni wa mapigo ya moyo yanayopita kwenye mishipa ya damu ya ubongo, na unauona kwa sababu pale hakuna mfupa wa kuuficha. Wa Kulwa nao unadunda, mwangalie akinyonya. Mwoshe mwanao kichwa kwa mkono wako wote. Chini ya ngozi ile kuna utando mgumu, na chini yake kuna tando nyingine zinazofunika ubongo. Kidole cha mama anayeosha hakifiki huko.

Sasa acha nikueleze kwa nini hawa watoto wamezaliwa na tundu kichwani, maana mwenyewe sikulielewa hadi muhula huu.

Tuko kwenye somo la mifupa. Darasani kuna fuvu halisi la mtu, linakaa kwenye sanduku la mbao lenye kitambaa ndani, na mkufunzi wetu ametukataza kuliita kitu. Tunaliita mwalimu. Anayelishika hulishika kwa mikono miwili, na hakuna kupiga picha. Siku ya kwanza nilidhani fuvu ni mfupa mmoja, kama chungu. Kumbe ni mifupa 22. Minane inajenga nyumba ya ubongo na 14 inajenga uso. Kuna mfupa wa paji la uso, miwili ya ubavuni juu inayokutana katikati ya kichwa, miwili ya kwenye mapanja na masikio, mmoja wa kisogo, halafu miwili iliyojificha ndani ambayo huwezi kuigusa kwa nje ukamaliza. Mmoja wa hiyo unaitwa sifenoidi, umbo lake kama popo aliyefungua mbawa, na umegusana na mifupa yote mingine ya nyumba ya ubongo. Mwingine ni ethmoidi, upo nyuma ya mzizi wa pua, na sehemu yake ya juu ina vitundu vidogo kama chujio la chai. Nyuzi za neva za kunusa zinapita humo kwenda kwenye ubongo. Kila nikipita Mwaloni pale Kirumba, dagaa wakiwa wameanikwa, nakumbuka lile chujio.

Katika yote 22 unaojongea ni mmoja tu, taya la chini. Iliyobaki imeshonana. Na ile mishono, Mama Kulwa! Haikunyooka hata kidogo. Inakwenda ikijikunja na kurudi, kama ukingo wa ziwa kwenye ramani, ghuba na rasi, ghuba na rasi. Mkufunzi alitusimulia kwamba wataalamu wa zamani wakitaka kutenganisha mifupa ya fuvu bila kuivunja walikuwa wanajaza punje kavu kama kunde kupitia tundu la chini, pale uti wa mgongo unapoingilia, kisha wanaloweka kwenye maji. Punje zinavimba na kuiachanisha mishono taratibu. Nilikumbuka sufuria la maharage la bwenini kwetu, lile lililokuwa likinyanyua kifuniko.

Mshono mmoja unapita juu ya kichwa kutoka upande huu hadi upande ule, pale unapokaa ukingo wa kilemba. Mwingine unatoka katikati ya huo na kurudi nyuma hadi kisogoni. Pale inapokutana ndipo utosini. Mkufunzi alinishika kidole akakiweka hapo hapo, kwenye njia panda ya mishono, akasema: hapa palikuwa wazi mtu huyu alipokuwa mtoto. Nilinyamaza. Nitakwambia kwa nini.

Mtoto anazaliwa mifupa yake ya kichwa ikiwa bado haijaungana. Hata paji la uso ni vipande viwili, na taya la chini vipande viwili. Mahali pembe za mifupa zinapokutana panabaki nafasi, na nafasi hizo ziko sita, siyo moja. Nne za pembeni hazionekani kirahisi. Tunazozijua ni utosi wa mbele, wenye umbo la tiara ile tuliyokuwa tukirusha, na wa nyuma, mdogo, wa pembetatu. Wa nyuma kwa kawaida hufunga ndani ya miezi miwili au mitatu, kwa hiyo usishtuke ukiutafuta usiuone. Wa mbele hufunga mara nyingi kati ya mwezi wa 12 na wa 18, wengine hadi miaka miwili. Doto ana miezi mitatu. Hajachelewa chochote.

Kazi ya kwanza ya utosi mliifanya pamoja usiku ule wa kujifungua. Mtoto anapopita kwenye nyonga, mifupa ya kichwa inapandana kidogo, mmoja juu ya mwenzake, kichwa kinapungua upana kinapita. Unakumbuka Kulwa alivyotoka na kichwa kirefu hadi dada yako akalia? Na baada ya siku chache kikawa mviringo chenyewe, wala hakuna aliyekikanda. Kazi ya pili ni kuupa ubongo nafasi. Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa kichwa kikiwa na mzunguko wa kama sentimita 34 au 35, na akifika mwaka kinakaribia 46. Ubongo ndio unaosukuma mifupa, na mifupa inaongezeka kwenye kingo za mishono. Sasa mama anataka utosi ufunge upesi kwa dawa. Mwambie kwa heshima, bila kumkatisha, kwamba ukifunga kabla ya wakati ndiyo shida, kichwa kitakua kikiwa kimepinda, na mara nyingine ubongo utabanwa.

Nakusihi kuhusu dawa ya kupaka. Ndiyo sababu hasa nimeshika kalamu.

Unamkumbuka Shija wetu. Wewe ulikuwa unakuja kwetu kumbeba. Watu husema alikufa kwa utosi, hata mama yangu anasema hivyo mpaka leo. Aliharisha siku mbili, akatapika, siku ya pili jioni utosi ukazama. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na ndiye niliyeshika koroboi. Niliona pale kichwani pana shimo lenye kivuli, kama mtu aliyebonyeza kidole gumba kwenye udongo wa chungu kibichi. Akaitwa mtu, akaja na mafuta na unga wa majani, wakamjaza pale, wakafunga kitambaa. Kila mtu alikuwa anaangalia lile shimo. Mimi nilikuwa naangalia midomo, ilikauka hadi inapasuka, na akilia hatoi machozi. Nilijua kuna kitu, nilikuwa mtoto, sikusema. Alfajiri hatukuwa naye.

Miaka yote nimebeba hilo. Juzi, kidole changu kikiwa juu ya fuvu, nimeelewa tuliona nini usiku ule. Utosi haukumuua Shija. Utosi ulikuwa unatuambia kwamba maji yamemwisha mwilini. Walitibu shimo, na aliyekuwa na kiu ni mtoto. Simlaumu aliyekuja na majani, alitembea usiku kwenye matope kuja kwetu, alitaka apone. Lakini sitakubali ijirudie kwako, nami niko hai na ninajua kuandika.

Kwa hiyo, Mama Kulwa, shika haya. Utosi uangaliwe mtoto akiwa ametulia, umemkalisha wima mkononi. Ukiwa sawasawa au umebonyea kidogo sana, na unadunda, hakuna neno. Ukizama, hasa akiwa anaharisha au anatapika, hakojoi kama kawaida, mdomo mkavu, amelegea, usingoje kuche. Endelea kumnyonyesha njia nzima na mpeleke hospitali. Huko watampima na kumpa maji ya ORS au dripu. Na ukiona utosi umevimba kwenda juu na umekaza ingawa hajalia, ana homa, anatapika, au hataki kunyonya, nenda vilevile hapo hapo, inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Akilia utavimba kidogo kisha urudi, huo ni wa kilio. Jambo lingine ni kichwa kinachokua kupita kiasi wiki hata wiki, mishipa ya juu ya ngozi inaonekana na macho yanatazama chini. Hayo ni maji kichwani, yanatibika kwa upasuaji mtoto akiwahishwa.

Nimekuwekea futi ya fundi cherehani kwenye mfuko. Pima kila mwezi, juu kidogo ya nyusi, juu ya masikio, hadi pale kisogo kilipotokeza zaidi. Andika kwenye kadi ya kliniki, Kulwa peke yake na Doto peke yake. Usiwalinganishe wao kwa wao, linganisha kila mmoja na mwezi wake uliopita.

Mama akichoka kusikiliza habari za magonjwa, mpe hii. Mwambie aweke vidole kwenye mapanja, kisha atafune kitu. Atausikia msuli ukijaa na kulegea. Huo ndio unaovuta taya. Yule Zinjanthropus wa Olduvai, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, ambaye Mary Leakey alipata fuvu lake tarehe 17 Julai 1959, wa miaka kama milioni 1.75 iliyopita, msuli huo ulipanda hadi katikati ya kichwa, na pale juu mfupa wake una ukingo kama mgongo wa paa, wa kushikilia msuli. Sisi hatuna ukingo ule. Pale palipokuwa na tuta lake, sisi tunapitisha kitana tu. Nililiona fuvu hilo Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, na nilisimama hadi mlinzi akanisogelea. Babu atalipenda hili pia, najua.

Naona karatasi inaisha na bado sijakuuliza kitu.

Doto anakojoa mara ngapi kwa siku? Ananyonya sawa na Kulwa, au Kulwa anamwahi? Wanalala upande mmoja tu? Wabadilishe, kichwa kisibonyee upande, na wakiwa macho walaze kifudifudi kidogo ukiwaangalia. Chanjo ya wiki ya 14 mmekwenda? Maji ya kunywa mnachemsha, au bado mnachota ziwani vilevile? Dawa ya mama imeshapakwa hata mara moja? Niambie ukweli, sitagomba. Na wewe je, unalala? Unakula? Shemeji anakuamsha au anakusaidia? Yule binti wa jirani bado anakuja kufua? Na Mama Leti amepona mguu?

Mfuko umebebwa na kijana wa kwa Mzee Msafiri, anapanda meli ya kesho. Ni mweusi, nimefunga uzi mwekundu. Ndani kuna futi, pakiti nne za ORS za kuweka akiba, kanga mbili, na sukari ya mama. Ukifika, nipigie ukiwa umempakata Doto, nataka kumsikia akipumua.

Wako akupendaye,
Mama mdogo wa mapacha